Fundi Aliyepima Lori kwa Watu

Watu wengi wa mtaa wetu walimjua Fundi kwa miguu yake. Ukifika gereji yake pale Bulengera, mjini Butembo, ulichoona ni ndara mbili za mpira wa gurudumu zilizotokeza chini ya lori, na visigino vilivyopasuka. Ukiisalimia miguu ile, haikujibu. Ukikohoa, haikujibu. Ukitaja jina la mwenye lori, mguu mmoja ulitikisika kidogo, na hapo ulijua kwamba amekusikia na kwamba utangoja.

Nilimjua kwa miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo alinichosha. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumuuzia mtu kifaa kibovu, wala hakunywa pombe ya wateja. Lakini kuna watu ambao wema wao unakuchosha kuliko ubaya wa wengine, na yeye alikuwa mmoja wao.

Kazi yake ilikuwa ndogo ukiieleza. Lori lina giaboksi mbele na ekseli nyuma. Kati ya hivyo viwili kuna bomba refu la chuma linalozunguka, ndiyo kardani, na kila mwisho wa kardani una kiungo chenye kimsalaba cha chuma tunachokiita kruazio. Ekseli imefungwa kwenye resori, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Resori zikiinuka au zikilala, pua ya ekseli, pale kardani inapoingia, hutazama juu au chini, na kardani hujipinda vibaya kwenye viungo vyake. Mafundi wengine walibadilisha kruazio iliyokatika, wakakuaga. Yeye alipima pembe. Alikuwa na kile kipimo cha plastiki ambacho wanafunzi hununua kwa somo la jometri, amekifunga uzi, na kwenye uzi amening'iniza nati. Alikiweka kwenye giaboksi, akasoma. Alikiweka kwenye ekseli, akasoma. Kisha alichonga kabari za chuma, akazisukuma kati ya resori na ekseli, mpaka pua itazame pale anapotaka yeye. Halafu alizitoa, akazichonga tena.

Alikuwa na maneno yake ambayo kila mteja aliyasikia. La kwanza lilikuwa hili: "Motokari yenye imesimama inadanganya." Alimaanisha kwamba lori likiwa tupu na limetulia, pembe zake zinaweza kuonekana nzuri, kumbe likipakiwa na kupanda mlima, ekseli inajizungusha, pua inainuka, na yote uliyopima ni bure. Kwa hiyo pembe ya lori lililosimama lazima uiharibu kidogo kwa makusudi, ili ikija kazi ijirekebishe. Maneno haya ni ya kweli. Ukiyasikia mara moja unayakubali. Ukiyasikia kila siku, huku una safari, unatamani kuziba masikio.

La pili lilikuwa "Tuone." Hakuwahi kusema kazi imekwisha. Ukimuuliza lini, tuone. Ukimuuliza kama atakuja kwenye ubatizo wa mtoto wako, tuone. Mke wake, mama mnene mcheshi aliyeuza unga wa muhogo mbele ya gereji, alituambia siku moja: "Mie siku ya ndoa nilimungojea ku mulango ya kanisa. Alikuja na mafuta ku mikono. Padri akamuuliza kama ananipenda. Nilikuwa naogopa atasema tuone."

Kabla ya vita, vijana wa wafanyabiashara walikuwa na mchezo wao. Walikuwa na pikapu za resori, na siku za Jumapili wawili walisimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka, mtu mmoja akapunga kitambaa, na wakaenda mbio mpaka kwenye daraja. Pikapu ya mmoja wao ilikuwa inarukaruka nyuma kila inapoondoka, kama mbuzi aliyefungwa kamba, na alikuwa anashindwa kila mara. Akampelekea Fundi. Fundi aliiweka mpaka kijana yule akakosa mashindano mawili. Siku aliyoitoa, pikapu iliondoka bila kuruka na ikashinda. Kijana akabebwa juu juu. Fundi alikuwa amesimama pembeni na kile kipimo chake. Wakamwita aje abebwe na yeye.

"Imeshinda vibaya," akasema. "Pua iko juu sana kidogo. Nirudishie kesho."

Kijana hakuirudisha. Hadithi hii watu waliisimulia kama kichekesho, na mimi niliicheka, mpaka zamu yetu ilipofika.

Kwa chuma alikuwa na uvumilivu usiokuwa na mwisho. Kwa watu hakuwa nao kabisa. Angeweza kuisugua kabari kwa tupa asubuhi yote bila kulalamika, lakini ukimpa spana ya namba nyingine alikurushia. Alisema kwamba vijana hawajifunzi, na kijana akija kujifunza, alimfukuza kabla ya chakula cha mchana. Alitazama meza ya jirani akasema mguu mmoja ni mfupi. Mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa haufungiki. Mke wake aliuegemeza jiwe, na jiwe lile lilikaa pale mpaka likaota majani pembeni.

Mimi nilikuwa na lori kwa sababu baba alituachia. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, aliendesha, nami nilikuwa konvoya wake, yaani yule anayekaa nyuma na mizigo na abiria. Ni kazi ya kupiga kelele, na mimi si mtu wa kelele. Niliishia shule ya msingi, na hata darasani mwalimu alikuwa akiniambia nirudie jibu. Yaya alizoea. Abiria hawakuzoea.

Lori letu lilikuwa linakata kruazio kila tunapopanda na mzigo kutoka Beni kurudi Butembo. Baba alikuwa ameongeza bapa kwenye resori ili libebe zaidi, kama wanavyofanya wenye malori wote wa kwetu. Lilibeba zaidi, ndiyo. Lakini lilisimama juu kama mtu aliyevaa viatu vya mke wake, na kardani ikawa imeinama sana. Siku hizo vita vilikuwa vinatoka upande mmoja kwenda mwingine. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, barabara ilikuwa inafungwa na kufunguliwa bila mtu kujua kwa nini, na askari wakiona lori zima walilichukua kubebea vitu vyao.

Mama alikuwa Eringeti kwa koko, mama yake mzazi, aliyekuwa mgonjwa. Jumatano moja mfanyabiashara aliyetoka huko kwa baiskeli alikuja nyumbani, hakukaa hata kitini. Alisema watu wa Eringeti wanalala mashambani kwa sababu ya mapigano, mvua inawanyeshea, na koko hawezi kutembea. Mama hatamwacha. Mama amesema watoto waje na lori.

Tungeweza kuondoka siku ile ile. Yaya alisema hapana. Tutashuka tukiwa wazima, lakini wakati wa kurudi tutakuwa na koko, na Mama, na majirani, maana hakuna mtu anayefika Eringeti na lori tupu wakati kama ule akaondoka nalo tupu. Kruazio ikikatika mlimani kati ya Beni na Butembo, tutakuwa na mgonjwa barabarani na askari. Kwa hiyo tulimpelekea Fundi. Tulimweleza yote. Alisikiliza, nakumbuka vizuri, akiwa ametoka kabisa chini ya lori, amekaa, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote.

"Koko wenu iko wapi?" akauliza.

"Eringeti," Yaya akasema.

"Bon. Ijumaa mutaenda."

Ijumaa asubuhi tulifika na mafuta kwenye madumu na ndizi za njiani. Kardani ilikuwa chini, kwenye majani. Kabari zilikuwa mkononi mwake.

"Papa, ulisema Ijumaa," Yaya akamwambia.

"Nilisema. Mais nimepima lori ikiwa tupu. Inadanganya. Munipe muzigo."

"Muzigo gani? Madepo yote imefungwa. Hata chumvi haiko."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo.

Yaya akasema tutapakia mawe. Mto uko pale, mawe yapo, mimi nitayabeba. Fundi akatikisa kichwa.

"Mawe inakaaka fasi uliiweka. Bantu hapana. Bantu banapendaka nyuma, banapendaka kando, banashikana ku ubao, mwingine anatoa mguu inje. Lori yenu itabeba bantu. Niletee bantu."

"Tutoe wapi watu, Papa?"

"Jumapili misa ikiisha, bantu iko mingi."

Yaya alitoka nje akakaa kwenye gogo la mkaratusi, akashika kichwa. Nilimfuata. Alisema tulifunge hivyo hivyo lilivyo tuondoke. Lakini kardani ilikuwa chini, na kuifunga bila Fundi ni kupigana na Fundi, na hakuna fundi mwingine ambaye angeigusa kazi ya yule mzee. Tukangoja. Kila saa ya siku zile mbili nilimwona Mama akilini, amekaa na koko chini ya majani ya migomba, akisikiliza barabara.

Jumapili tulilisukuma lori mpaka karibu na kanisa, maana Fundi alikataa liwashwe kabla hajapima, kardani ikiwa imefungwa na kabari zikiwa mahali pake. Fundi aliingia chini na kipimo chake. Kazi ya kuita watu ilikuwa yangu. Nilisimama mbele ya ubao wa nyuma uliofunguliwa, watu wakatoka kanisani, na mimi nikafungua mdomo, na sauti haikutoka. Mke wa Fundi alinionea huruma. Alipanda yeye mwenyewe na kikapu chake cha unga, akakaa.

Hiyo ilitosha. Kwetu, lori lenye ubao uliofunguliwa na mtu mmoja juu yake lina safari, na wakati wa vita hakuna anayeuliza safari gani kabla ya kupata nafasi. Mzee mmoja akapanda. Mama mmoja akanipa mtoto wake nimpandishe, naye akafuata. Vijana wa kwaya wakapanda kwa mbio. Mtu mmoja alikimbia nyumbani akarudi na godoro. Wakaja kuku. Niliwaambia, kwa sauti ile niliyonayo, kwamba haliendi popote, na mama mmoja akanipapasa kichwa akasema, "Ndiyo, kijana, shika hii sufuria."

Chini, Fundi alikuwa anapaza sauti: "Musogee nyuma! Wale ba kando, mushikane ku ubao!" Nao walisogea, walishikana, wakidhani kwamba mwenye lori anawapanga kwa safari. Resori zililalamika. Nilisikia wawili wakibishana, mmoja anasema linakwenda Beni, mwingine anasema Mangina, na kila mmoja aliambiwa na mtu anayejua.

Kisha Fundi akatoka chini, magoti yamejaa udongo, uso wake umetulia kama mtu aliyekula vizuri.

"Aksanti sana," akawaambia. "Mushuke."

Walimtazama.

"Tushuke wapi?" mama wa sufuria akauliza. "Tumefika?"

"Nimeshapima."

"Umepima nini, Papa? Weye ni muganga?"

"Magurudumu haijazunguka hata moja," mwenye godoro akasema. "Mimi nimefunga nyumba. Nimepatia jirani funguo."

Makelele yaliyofuata sitayaandika yote. Mtu mmoja alisema huu ni mchezo wa waasi wa kuhesabu watu. Mwingine alikataa kushuka kabisa. Yaya alikuwa anaomba msamaha upande huu, mimi nilikuwa nashikilia sufuria upande ule, na ndipo kelele zilipokatika, kwa sababu komanda wa waasi alikuwa amefika na askari wake. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mkoa mwingine, na Kiswahili chake kilikuwa na Lingala ndani.

"Motuka oyo ni ya nani?" akauliza. "Inatembea?"

Swali lilikuwa la Yaya. Ukisema linatembea, limekwenda. Ukisema halitembei, na watu wote wale wako juu, umemdanganya mwanajeshi mbele ya mashahidi. Lakini Fundi alikwisha kumshika komanda mkono.

"Komanda, inama."

"Niiname juu ya nini?"

"Uone. Ukisimama hautaona."

Komanda aliinama. Hata sasa sijui kwa nini. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno lile kwa namna ile. Fundi akaanza. Mkono wa kushoto ukawa giaboksi, mkono wa kulia ukawa ekseli. Akaeleza resori. Akaeleza bapa alizoongeza marehemu baba yetu, na kwa nini alikosea. Akaeleza motokari yenye imesimama na motokari yenye inafanya kazi. Komanda akajaribu kuinuka, Fundi akamrudisha chini.

"Papa, niliuliza inatembea ao haitembee."

"Inatembea. Mais kutembea njo nini? Kushuka inatembea. Kupanda tupu inatembea. Sasa weye uko na masanduku, uko na askari, askari banapendaka kukaa nyuma..."

"Papa."

"...pua inainuka kidogo hivi. Unaona? Hapana, hauoni, uko unaangalia mukono, angalia kabari."

Komanda aliinuka. Kofia yake ilikuwa na grisi. Alimtazama Yaya, akanitazama mimi na sufuria yangu, na katika macho yake nikaona kitu nilichokijua vizuri, maana nilikuwa nacho tangu Ijumaa.

"Huyu papa iko hivi kila siku?" akamuuliza Yaya.

"Kila siku, komanda."

"Pole," komanda akasema, akaenda zake na askari wake.

Sisi tuliketi chini. Mke wa Fundi alikuwa anacheka mpaka machozi. Fundi mwenyewe hakuelewa tunashukuru nini. Alikuwa amekasirika kwa sababu komanda aliondoka kabla ya kufika kwenye sehemu ya kardani yenyewe.

Nilidhani tutaondoka pale pale. "Tuone," akasema, akazitoa kabari. Vipimo vya watu vilimwambia azipunguze unene. Jumatatu yote alikuwa na tupa. Yaya alimtukana, jambo ambalo kwetu kijana hamfanyii mzee, na Fundi alimwambia ashike taa vizuri. Tuliondoka Jumanne alfajiri.

Tulishuka Beni salama, tukapita vizuizi, tukalala njiani kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa, na Jumatano tukafika Eringeti. Mama alikuwa amekaa kando ya barabara peke yake, na vitu vyao vimefungwa. Koko alikufa Jumatatu jioni, mvua ikinyesha, na majirani walimzika asubuhi yake, haraka, karibu na shamba lake la kahawa.

Tulirudi na Mama na majirani wengi kuliko wale wa Jumapili. Walikaa nyuma, walishikana kwenye ubao, wengine walitoa miguu nje. Kutoka Beni lori lilipanda mlima polepole bila kutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nyuma nao, na nilikuwa namchukia Fundi kwa kila kona ambapo kruazio haikukatika.

Tulipopita gereji alitoka mbio mpaka barabarani, akaweka mkono kwenye mlango wa Yaya.

"Ku mulima ilitetemeka?"

Yaya alimtazama. "Koko amekufa," akasema.

Fundi aliutoa mkono. Alisema pole. Alisema pole tena kwa Mama. Kisha, naapa, alitazama chini kwenye magurudumu ya nyuma, na Yaya akaondoa lori kabla yeye mwenyewe hajafanya jambo la kumpeleka jela.

Hakuja kwenye kilio. Mke wake alikuja, akapika, akalala nasi. Tangu siku ile Mama hakumtaja. Akipita mbele ya gereji alibadilisha upande wa barabara. Sisi tuliendelea kumpelekea lori, kwa siri, kama watu wanaokwenda kwa mganga, na yeye aliendelea kutuchosha.

Vita vilipotulia kidogo na wakubwa wakaanza kuzungumza, Yaya alitaka kuuza lori. Mnunuzi alitaka Fundi alipime mbele yake. Kwa hiyo Fundi alikuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda, anatembea kwa kuupapasa ukuta. Mnunuzi alichelewa. Mama akatoka jikoni na chai, akampa kikombe, akakaa mbele yake. Yaya na mimi tulitazamana.

"Papa Fundi," Mama akasema, "niko na swali moja tu."

"Uliza, mama."

"Kama ungeachia batoto lori ile Ijumaa. Ingefika Eringeti?"

Nilitaka adanganye. Kwa miaka yote niliyomjua, hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumwomba moyoni. Alikuwa na nafasi ya kusema hapana, na mimi na Yaya tungemuunga mkono.

Alifikiri. Alichukua muda wake, kama kawaida.

"Kwenda ingefika," akasema. "Ilikuwa tupu na barabara inashuka. Kwenda ingefika muzuri. Kurudi na bantu hapana. Ku mulima ingekatika."

"Kurudi sikuuliza," Mama akasema. "Mama yangu hakuuliza juu ya kurudi. Kila motokari ilipita, alikuwa anauliza kama batoto bamefika."

Nilingoja aanze kueleza. Nilijiandaa kumkatiza. Alikaa tu, kikombe mkononi, anatazama mahali ambapo Mama alikuwa, na sidhani kama alikuwa bado anamwona vizuri. Nje, mnunuzi alipiga honi. Hakuna aliyeinuka.

Mama alikichukua kikombe kutoka mkononi mwake, akakijaza tena, akakirudisha na kuvikunja vidole vya Fundi juu yake ili asikimwage.

"Kunywa," akamwambia. "Angoje na yeye."